Kulijua Gugu Karoti Kabla Halijachanua

Tangu mvua zilipokolea, nimetoka Dodoma mjini Jumamosi tatu mfululizo, alfajiri, kwenda katika kijiji kinachopakana na msitu wa hifadhi upande wa kaskazini. Huko ninawafundisha wanakijiji ishirini na wawili, waliojitolea wenyewe, namna ya kuitambua mapema mimea vamizi. Tumeanza na gugu karoti, mmea wenye asili ya bara la Amerika ambao hapa nchini uliripotiwa kwa mara ya kwanza Arusha mwaka 2010. Katika msitu huu hatujalikuta, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuanza sasa.

Mche mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu 15,000 hadi 25,000, tena ndogo kiasi cha kusafiri ndani ya tope lililoganda kwenye matairi au katikati ya kwato za ng'ombe. Katika hali nzuri huanza kuchanua wiki nne hadi sita tu baada ya kuota. Maana yake ni kwamba doria inayopita njia ileile mara moja kwa miezi miwili inaweza kukuta mmea uliokwisha kumwaga mbegu, na hapo kazi ya kung'oa miche mitatu imegeuka kuwa kazi ya miaka mingi. Tangu barabara ya lami ya kwenda Babati kupitia Kondoa ikamilike, malori kutoka kaskazini yanatufikia kwa saa chache, na jiji linalojengwa kwa kasi hii linahitaji moramu, mchanga na kokoto kila siku. Sioni ubaya wa barabara wala wa ujenzi, ila mbegu nazo hupita humohumo.

Siku ya kwanza nilikwenda na picha kubwa za gugu likiwa limechanua, lenye vile viua vyeupe vidogo vya pembe tano. Bibi mmoja alizipitia zote kwa makini, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, likiwa changa likoje? Sisi mlenda tunauchuma ukiwa mdogo, hatusubiri maua." Swali lile lilibadilisha mafunzo yote. Kina mama wa Kigogo wanaochuma mlenda na mgagani wana macho yaliyozoea mmea wenye majani manne tu, na wanaujua kwa umbo, kwa rangi na kwa namna unavyokaa juu ya udongo. Maarifa hayo ndiyo tunayoyahitaji, nami nilikuwa nimewaletea somo la mmea uliokwisha zeeka.

Jumamosi iliyofuata nilirudi na picha za miche michanga, pamoja na majani yaliyokaushwa, yasiyo na ua wala mbegu, yaliyofungwa ndani ya nailoni angavu. Mche mbichi sikuthubutu kuubeba, kwa sababu anayefundisha kuzuia gugu hawezi kuwa ndiye aliyelileta. Gugu karoti changa hulaza majani yake chini kwa duara, yamebanana na ardhi, na kila jani limechanika-chanika kama la karoti, lina rangi ya kijani iliyofifia na vinywele laini. Baadaye shina huinuka katikati, lenye mifereji ya wima, na linaweza kufikia kimo cha mtu. Tulilitofautisha na mashona nguo, ambalo majani yake hugawanyika kwa vipande vichache vipana, na ambalo mbegu zake kila mmoja amewahi kuzibandua kwenye nguo.

Sasa tunatembea wawiliwawili, mzee mmoja na kijana mmoja mwenye simu. Mzee anaangalia, kijana anapiga picha tatu: mmea mzima pembeni ya sarafu, jani kwa karibu, na mahali ulipoota, huku simu ikihifadhi alama za eneo. Hatuanzii ndani kabisa ya msitu. Tunaanzia kwenye njia za mifugo, ukingo wa lambo, mashimo ya moramu na mahali malori yanapogeuzia. Hakuna ruhusa ya kung'oa kabla bwana misitu hajathibitisha, jambo ambalo vijana wamelipokea kwa shida. Lakini anayeng'oa kwa kukisia anaweza kuharibu mmea wa asili na kupoteza ushahidi, na kama ni gugu lenyewe, anaweza kuzitawanya mbegu. Vilevile gugu hili huwasha ngozi na kuwasumbua wenye pumu, hivyo haliguswi kwa mikono mitupu.

Jambo moja linaniuma. Mwaka jana, katika kijiji kingine, kijana alituma picha za mmea alioutilia shaka kwenye ofisi iliyopaswa kumjibu, akasubiri majuma matatu bila neno, na hakutuma tena. Mtu anayeacha shamba lake msimu wa palizi ili atembee kando ya hifadhi anastahili jibu siku hiyohiyo, hata kama jibu ni kwamba mmea wake ni wa kawaida. Vyeti na fulana vinaweza kusubiri. Kwa kikundi hiki nimekubaliana na bwana misitu kwamba picha zipitiwe kila jioni, na hadi sasa ametimiza.

Tunaandika pia pale tusipoona kitu, kwa sababu bila rekodi hiyo, gugu likitokea Machi, hatutajua kama lilikuwapo Januari. Jumamosi iliyopita yule bibi alisimama kwenye kalvati, akaonyesha kwa fimbo mche wa ukubwa wa kiganja. "Huyu ni mgeni," alisema, "sijawahi kumwona hapa." Picha zilitumwa saa nne asubuhi, na kabla ya magharibi jibu likarudi kwamba si gugu karoti. Kijana wake akaandika daftarini: kalvati, upande wa lambo, hakuna, turudi baada ya wiki mbili.