Pumba za Ujira

Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, mwezi wa Julai ukungu hauondoki mlimani mpaka saa nne, na mbuzi wakitiliwa maji yaliyolala nje usiku kucha wanayanusa tu na kugeuka. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye liliingia kwenye hesabu.

Asubuhi moja ya Julai 2014 beberu wa kikundi chetu cha wafugaji wa mbuzi alikutwa kwenye kona ya banda, mgongo ameupinda, miguu ya nyuma ameitanua, mkia unapigapiga. Alikuwa chotara wa wale mbuzi wa maziwa wa Norwei walioletwa Mgeta kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine miaka ya 1980, mnyama mzito asiyelialia ovyo. Siku hiyo alijikamua, akasaga meno, akatoa sauti kama ya mtoto. Mzee aliyekuwa akimtunza alisema amevimbiwa, na wengi tuliafiki, maana mbuzi aliyefunga choo na aliyefunga mkojo kwa mbali wanafanana. Chupa ya maji ya magadi ilikuwa imeshakorogwa.

Kilichotuchelewesha kumnywesha ni kinyesi. Chini ya fito za sakafu palikuwa na gololi mbichi za usiku uleule, kwa hiyo choo kilikuwa kinapita. Ila mahali alipolala palikuwa pakavu kabisa. Kumpapasa chini ya tumbo, nywele za govi zilikuwa zimeshikana, na kwenye ncha zake zimening'inia chembe nyeupe mfano wa mchanga. Ukizisugua kati ya vidole zinakwaruza.

Bwana mifugo alifika kwa pikipiki saa tatu, akaimwaga ile chupa ya magadi kabla hata salamu hazijaisha.

“Hii mngemmaliza nayo, mzee wangu. Mkojo wake umeshakuwa wa magadi tayari, ndiyo maana mawe yanaganda. Na maji msimnyweshe kwa nguvu. Mnajaza pipa ambalo bomba lake limeziba.”

Beberu alikalishwa kwa matako kama mtu, mgongo ukiegemea miguu ya kijana mmoja mwenye nguvu, kichwa kimeinamishwa kifuani. Mkao huo ndio unaolegeza uume, kwa sababu ndani umejikunja mfano wa herufi S na mnyama aliyesimama hautoi kirahisi. Alichomwa kwanza sindano ya kutuliza maumivu. Bwana mifugo akausukuma uume kutoka nyuma, akaudaka kwa kitambaa safi cha pamba usiteleze, akatuonyesha ncha yake. Mbuzi dume, na kondoo pia, wana kijimkia chembamba kama uzi mnene kinachoning'inia mwishoni, na mrija wa mkojo unapita humo ndani. Ndipo panapobana kuliko pengine pote, na mawe mengi hukwama hapo au kwenye ule mkunjo wa S. Cha huyu kilikuwa kimevimba, rangi ya zambarau. Alikikata kwa mkasi uliochemshwa, karibu na shina. Ilitoka damu kidogo, kisha vikafuata vijiwe vitatu vidogo kuliko punje ya ulezi, kisha mkojo, kwanza matone, halafu mchirizi mrefu mwekundu usiokwisha.

Tulikuwa na bahati. Jiwe likikwama kwenye S, mkasi haufiki. Kibofu kikipasuka mnyama hutulia ghafla na watu hudhani amepona, kumbe mkojo unamwagikia tumboni. Na kijimkia hakioti tena, ila beberu aliyekatwa kijimkia kwa kawaida huendelea kupanda na majike wanashika mimba.

Sasa ikaja sehemu iliyotuuma. Bwana mifugo aliomba daftari la ulishaji. Nilikuwa nalo mimi, na nilikuwa nalionea fahari, kwa sababu miezi mitano nyuma tulikuwa tumenunua gunia la madini ya unga ya ng'ombe wa maziwa, na majike yetu yalikuwa yamebadilika kweli. Kabla ya hapo walikuwa wanakula udongo, wanalamba kuta na jasho la mikono yetu, manyoya yamekwajuka, na waliozaa walikaa muda mrefu bila kuingia kwenye joto. Kwa gramu 30 kwa siku kila mmoja, zikichanganywa na pumba wakati wa kukamua, hali ikageuka. Tukaona basi na beberu apewe hizohizo. Kosa letu lilikuwa hapo, lakini si hapo peke yake.

Pumba alizokula beberu zilikuwa za ujira. Kila aliyeleta jike kupandishwa alikuja na kisado cha pumba za mahindi, ndiyo shukrani, na msimu ule majike walikuja kwa wingi. Beberu akawa anakula kilo nzima kwa siku, na majani yake ni nyasi za Guatemala zilizokomaa. Bwana mifugo alipiga hesabu kwa peni nyuma ya daftari langu, kwa makadirio. Pumba za mahindi kilo 1: kalsiamu nusu gramu, fosforasi gramu 6. Majani yakishahesabiwa makavu, kilo 1: kalsiamu 3, fosforasi 2. Madini gramu 30, kwa kuwa lebo ya gunia ilisema kalsiamu asilimia 18 na fosforasi asilimia 11: kalsiamu 5.4, fosforasi 3.3. Jumlisha: kalsiamu 8.9, fosforasi 11.3. Kwa dume inatakiwa kalsiamu iwe kama mara mbili ya fosforasi. Yetu haikufika hata sawa kwa sawa.

Mzee aliuliza swali ambalo wote tulikuwa nalo: mbona majike wamekula gunia hilohilo na wamenawiri?

Jibu lilikuwa kwenye ndoo ya maziwa. Kila lita ya maziwa ya mbuzi inatoka na zaidi ya gramu 1 ya kalsiamu na kama gramu 1 ya fosforasi. Jike anayetoa lita 2 ana mlango wa kutolea, na mrija wake wa mkojo ni mfupi na mpana, vijiwe vikitokea vinapita. Dume hana maziwa. Fosforasi iliyozidi mbuzi huirudisha tumboni kwa mate na kuitoa kwenye kinyesi, lakini mate mengi yanatoka kwa kutafuna na kucheua majani marefu. Pumba hazitafunwi, zinamezwa. Basi fosforasi inakimbilia kwenye mkojo, inakutana na magnesiamu na amonia, na kwenye mkojo mzito wa mnyama asiyekunywa maji kwa sababu ya baridi, inaganda. Maji ya Julai ndiyo hayo.

Ulaji mpya uliandikwa palepale. Madini ya ng'ombe wa maziwa, hapana. Pumba gramu 200, za kumwita tu. Guatemala ikatwe ikiwa changa, na kila siku apate majani ya mti wa lukina, kiasi cha gramu 400 ikihesabiwa kavu. Isizidi theluthi ya chakula chote kwa sababu ya sumu yake inayonyonyoa manyoya. Chokaa ya mifugo gramu 5, si zaidi, maana chokaa ikizidi nayo ina mawe yake. Hesabu ikaja kalsiamu 9, fosforasi 4. Chumvi gramu 10 kila siku ili asikie kiu, na maji yapashwe moto yawe vuguvugu asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza alipewa pia amonia kloraidi ya kuuchachusha mkojo, miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Yeye alikuwa na kilo 60, kwa hiyo gramu 12, imeyeyushwa kwenye molasi. Bila molasi anaitema. Ni chungu kupita kiasi.

Chumvi na madini madogomadogo hatukumnyima, tulimtafutia ya mbuzi. Hapo palizuka ubishi, kwani jirani alikuwa na kondoo na akataka tununue gunia moja tugawane. Haiwezekani. Mbuzi anahitaji shaba. Akiikosa anazaa vitoto vinavyoburuta miguu ya nyuma. Kondoo kiasi hichohicho kinamrundikia kwenye ini mpaka siku moja anakojoa damu na kufa. Mfuko wa kondoo kwa mbuzi una upungufu, wa mbuzi kwa kondoo una sumu. Tulihakikisha pia una iodini, maana kwetu mbuzi wanashushiwa majani ya kabichi kutoka bustanini, na kabichi nyingi inazuia iodini kufanya kazi. Vitoto huzaliwa na uvimbe kooni. Kisanduku cha madini tulikipigilia usawa wa kifua cha mbuzi, chini ya paa. Kikiwa chini wanakinyea, kikilowa kinaganda na wanakisusa.

Kitu kingine tulichokigusa kwa sababu ya siku ile ni kuhasi. Wale wa ndafu tulikuwa tunawahasi wiki ya tatu. Dume akihasiwa mapema hivyo mrija haupanuki vizuri, unabaki mwembamba. Tukasogeza hadi miezi minne.

Beberu alipumzishwa wiki tatu. Ujira nao ukabadilishwa: anayeleta jike aje na mzigo wa lukina. Mama mmoja wa kijiji cha juu alikataa, akasema hawezi kwenda kwa watu amebeba majani. Akaendelea kuja na kisado chake, tukawa tunakipokea kwa mikono miwili na kuwapelekea majike wanaokamuliwa.