Leza na misuli ya moyo: tatizo liko kwenye kingo za tundu

Kwa muda mrefu niliamini kwamba leza za upasuaji zinatofautiana kwa nguvu tu. Imani hiyo ilikoma siku nilipoinamia hadubini na kutazama kipande chembamba cha moyo wa nguruwe uliotobolewa kwa leza. Ukingo wa tundu ulikuwa na utando mweusi wa makaa. Nyuma yake ukafuata ukanda uliopauka, ambamo nyuzi za misuli zilikuwa zimeganda kama ute wa yai lililochemshwa. Na mbali kidogo nyuzi zilikuwa nzima, mistari yake ikiwa bado imepangika. Tangu hapo, swali langu la kwanza kuhusu leza yoyote ni upana wa ukanda ule.

Upana huo hutegemea sana kitu kinachofyonza mwanga ndani ya tishu. Mwanga wa leza ya kaboni dayoksaidi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, hufyonzwa na maji upesi mno, na kwa kuwa misuli ya moyo imejaa maji, tishu hugeuka mvuke kabla joto halijasambaa mbali. Mwanga wa leza ya neodimiamu-YAG (YAG ni aina ya fuwele inayozalisha mwanga), wa nanomita 1,064, hauzuiliwi sana na maji. Hutawanyika na kuzama milimita kadhaa, ukiipika misuli kwa ndani. Uwezo huo unafaa kuunguza sehemu zinazozua mapigo yasiyo ya kawaida, lakini kwa kazi ya kutoboa nauona ni hasara tupu. Holmiamu-YAG, ya nanomita 2,100, nayo hufyonzwa na maji, ila hupiga kwa mapigo mafupi, na kila pigo huzalisha kiputo cha mvuke kinachotanuka ghafla na kuchana nyuzi za pembeni. Leza ya eksima, inayotumia gesi na kutoa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 308, hukata viungo vya molekuli kwa joto dogo zaidi.

Tofauti hizi zilipata uzito wa pekee katika matibabu ya kutoboa moyo kwa leza ili kupunguza maumivu ya kifua kwa wagonjwa wasioweza kuunganishiwa mishipa mipya. Marekani iliidhinisha leza ya kaboni dayoksaidi kwa kazi hiyo mwaka 1998, na ya holmiamu mwaka 1999. Ya kwanza hutoboa tundu la milimita 1 hivi kwa pigo moja, linalopangwa kufuata umeme wa moyo ili litokee chumba cha moyo kikiwa kimejaa damu, na damu hiyo ndiyo inayouzuia mwanga usidhuru upande wa pili.

Ilitarajiwa kwamba damu ingepita katika matundu hayo na kuinywesha misuli, lakini uchunguzi ulionyesha mengi yakiziba. Nafuu ya wagonjwa imeelezwa kwa njia nyingine: mishipa midogo inayochipuka kandokando ya jeraha, au neva za maumivu zilizoungua. Maelezo yote mawili yanalifanya jeraha lenyewe kuwa sehemu ya dawa, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi, kwa sababu seli za misuli ya moyo hazizaliani kiasi cha kuziba pengo, na ukanda uliopauka hatimaye huwa kovu lisiloweza kujikunja pamoja na moyo.