Kilwa Kisiwani na chale za bibi

Tulipanda basi la kusini Mbagala, alfajiri, mimi na shangazi. Alikataa katakata nisafiri peke yangu. Mimi nimezaliwa na kukulia Birmingham. Yeye ni wa Kilwa Kivinje. Rufiji tuliivuka kwa Daraja la Mkapa, naye akanionyesha upande walikokuwa wakisubiri kivuko kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003. Mvua zikishika, alisema, mtu hakujua atafika lini.

Nyumbani Birmingham kulikuwa na picha ya bibi mzaa baba, ana chale mashavuni. Msichana niliyesoma naye aliiona, akauliza kama bibi yangu aliishi porini. Shuleni nako tulifundishwa Misri, Ugiriki na Roma. Kwetu tulitajwa kwenye somo la utumwa, na mwalimu mmoja akaniambia kwa upole kabisa kwamba watu wasioandika hawana historia ya kusomesha. Maneno yale nilitembea nayo miaka mingi.

Nangurukuru tulishuka, tukanunua korosho, tukachukua gari la Kilwa Masoko. Tukakata kibali, tukavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili.

Msikiti Mkuu uko karibu na ufuko. Sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11 au ya 12; upande wa kuba na matao uliongezwa baadaye. Nilipapasa ukuta. Ni matumbawe, yaliyochongwa na kuunganishwa kwa chokaa iliyochomwa papo hapo pwani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika hapa mwaka 1331, dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ikipitia mikononi mwa Kilwa, akausifu mji kwa uzuri wake. Aliandika pia kwamba wengi wa wakazi wake walikuwa watu weusi sana, wenye chale nyusoni.

Kiongozi wetu aliposema hivyo, shangazi aligeuka kunitazama.

"Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, shangazi."

Nililia, na sikujificha. Chale zilizochekwa Birmingham zilikuwa kwenye nyuso za watu wa mji huu ulipokuwa katika ubora wake.

Na walikuwa wakiandika! Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba zenye majina yao, kwa maneno ya Kiarabu yenye vina, upande mmoja ukiitikia mwingine. Sarafu moja ya hapa ilipatikana Zimbabwe Kuu. Habari za ukoo wao ziliandikwa kitabuni katika karne ya 16, baada ya Wareno kuuvamia mji mwaka 1505.

Kwa muda mrefu wasomi wa nje walidai kwamba mawe haya ni kazi ya wageni peke yao. Mwaka 2023 ilichapishwa DNA ya makaburi ya kale ya pwani, Kilwa ikiwamo: akina mama karibu wote Waafrika, na akina baba wengi kutoka Asia, hasa Uajemi. Kuna wanaosikia hivyo wakadhani Uafrika wetu umepungua. Mimi sikubali. Aliyelea watoto wale, akawafundisha kusema, ni mama wa hapa.

Kesho yake tulikwenda Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia. Maji yalikuwa yametoka, tukapita kwenye mikoko miguu ikizama matopeni, shangazi mbele, kanga ameikunja magotini. Nyumba za pale bado zina kuta, baraza na vidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Hakumngoja kiongozi. Aliingia chumba hadi chumba akinieleza: hapa mgeni anakaribishwa, hapa haruhusiwi kupita, huku ndani ni kwa wanawake na watoto, na kwenye kidaka hiki taa ingekaa vizuri. Kiongozi alimuuliza amesomea wapi. Akajibu kwamba nyumba ya babu yake Kivinje ilipangwa hivyohivyo, kisha akaniita nikapige picha kidaka, nimpelekee baba.