Vuli ya huku usiipitishie ndani

Kwetu Tanga ukisema vuli kila mtu anaelewa mvua, ile ya Oktoba mpaka Disemba, mama anatoa ndoo nje kukinga maji ya bati. Huku Stuttgart, Ujerumani, miezi ni ileile lakini vuli ni majani, yanageuka njano, halafu mekundu, halafu siku moja upepo unavuma usiku na asubuhi mti umebaki mifupa mitupu. Mwaka wangu wa kwanza niliipokea kama msiba. Natoka kazini giza limeshaingia, nafunga pazia, wikiendi nzima nipo kwenye blanketi na simu naangalia video za harusi za nyumbani, hadi Disemba inafika nimechoka moyo na sijui kwa nini. Nawaandikia hasa nyie mliofika mwaka huu, manake sasa hivi bado kuna vijua na hamuoni kinachokuja.

Aliyenitoa ndani ni bibi jirani, anakaa ghorofa ya chini yangu, mtu mzima sana. Aligonga mlango mwezi wa kumi ameshika boga dogo la rangi ya chungwa, akanipa, akanionyesha kwa mikono kwamba hili halimenywi, linapikwa na ganda lake. Nikaliangalia boga lile nikajisikia vibaya kweli, wiki tatu nzima nilikua napita maboga hayohayo sokoni nikidhani ni mapambo, wakati mimi nimekulia kwenye maboga ya nazi.

Basi tuanze hapo. Boga lenyewe wanaliita Hokkaido na kuanzia Septemba yapo kila duka. Ganda lake likiiva linalainika kabisa kwa hiyo unaosha tu, unakata, unatoa mbegu. Wenyewe wanalifanya supu, wanasaga na tangawizi na krimu kidogo, na ni supu nzuri hasa ukirudi na miguu imeganda. Lakini mimi nawaambia pikeni futari. Boga la kilo moja, vipande vikubwa, maji kidogo na chumvi, likishakaribia kuiva mwaga kopo moja la tui la mililita 400, sukari vijiko vitatu, iliki ya kusaga, moto mdogo, usikorogekoroge likavurugika. Nyumba nzima inanukia Ramadhani. Bibi alipoonja alinyamaza kwanza, halafu akaongeza sahani, na tangu hapo kila mwaka analeta boga yeye na tui linatoka kwangu.

Tahadhari moja tu. Kuna vile viboga vidogo vya kila umbo vinauzwa kwa ajili ya kupamba mlangoni, vile haviliwi. Na boga lolote ukilionja likawa chungu, tema na utupe sufuria nzima, uchungu ule ni sumu na kupika hakuuondoi.

Mkiwa na watoto nendeni Ludwigsburg, kwa treni ya mjini ni kama robo saa kutoka stesheni kuu ya Stuttgart. Pale kwenye bustani za kasri tangu mwaka 2000 kila vuli wanafanya maonyesho ya maboga, wanayapanga mpaka yanakua sanamu za wanyama na watu, urefu kumzidi mtu mzima. Kuna siku ya kupima maboga makubwa, 2016 lilipimwa hapo boga la mkulima kutoka Ubelgiji likafika kilo 1,190 na ushee, wakati ule ndo lilikua rekodi ya dunia. Na kuna siku watu wanachimba boga likawa mtumbwi wanaingia na kasia wanashindana bwawani! Ukitoka pwani lazima hiyo ikuguse. Kiingilio kipo, chukueni na chakula chenu kama mnabana matumizi.

Pili ni maroni, yaani chestnut, punje za kahawia za mti zinazochomwa na kuliwa. Mtaa mkubwa wa maduka, Königstraße, vuli ikikolea utaona vibanda vya moshi, ndo wale wanaochoma maroni, unapewa moto kwenye karatasi. Ndani ni laini, tamutamu, kama kiazi kitamu kilichochomwa kwenye majivu. Mimi nikishika ile karatasi ya moto mkononi nakumbuka mahindi ya kuchoma barabarani jioni. Nyumbani unaweza kuchoma kwenye oveni, chana msalaba kwenye ganda kila moja, usipochana zinapasuka kama baruti. Ila sikilizeni vizuri hapa, njiani chini ya miti kuna nyingine zimejaa zinang'aa zinafanana nazo sana, zile haziliwi, zina sumu. Ya kula ganda lake la nje lina miiba mingi membamba imesongamana kama nungunungu na punje ina kincha chenye nyuzinyuzi. Isiyoliwa ganda lina miiba michache minene na punje imeviringana haina kincha. Watoto wanaziokota kutengenezea vinyago vya njiti, hiyo sawa, mdomoni hapana. Uyoga wa porini ndo kabisa, usiokote hata kama unafanana na wa kijijini kwenu, upo mmoja hapa unafanana na unaoliwa kwingine na unaua ini, wageni wameshapoteza maisha kwa kuuamini.

Vinywaji. Kuanzia Septemba utaona chupa zimeandikwa Federweißer, ni maji ya zabibu ambayo bado yanachacha, yana povu na utamu, ni kilevi ingawa yanateleza kama juisi. Mimi situmii, ila wanaotumia wanasubiri mwaka mzima, na wanakula nayo keki ya vitunguu ya chumvi inaitwa Zwiebelkuchen. Kifuniko cha ile chupa hakizibi ili hewa itoke, kwa hiyo ibebe wima, dada mmoja tunayefanya naye kazi aliilaza kwenye begi na begi likanywa lote. Kwa Waislamu, hiyo keki kwa kawaida inatiwa vipande vya nguruwe, uliza kwanza. Mimi naioka mwenyewe, vitunguu kilo moja navikaanga taratibu mpaka vinalegea, mayai, krimu, na nyama ya ng'ombe ya kukausha kutoka duka la Mturuki, na hakuna aliyekula kwangu akaulizia ile nyingine.

Badala ya Federweißer nakunywa maji ya tofaa yaliyokamuliwa karibuni, ya mawingumawingu, nayachemsha na mdalasini na karafuu. Huku kusini kuna mashamba ya mitofaa ya zamani imesambaa kwenye majani, watu wanaokota wanapeleka kwenye mashine wanakamuliwa. Ukiona mti umefungwa utepe wa njano maana yake mwenyewe ameruhusu kuchuma bure. Usio na utepe ni wa mtu, usiuguse.

Na chai. Hapa nitakaa kidogo manake sisi watu wa chai. Bibi jirani kwao ni Ostfriesland, kaskazini kabisa kwenye bahari, aliolewa akaja huku, na watu wa kwao wana chai yao mpaka mwaka 2016 ikaingizwa kwenye orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni. Anaweka kwanza kipande cha sukari ya jiwe kwenye kikombe kidogo, anamwaga chai nyeusi kali ya moto, sukari inalia kaa, unaisikia. Kisha anateremsha krimu kwa kijiko ukingoni inazama halafu inapanda kama wingu. Na haukorogi. Unakunywa krimu kwanza, halafu ukali, halafu utamu chini. Vikombe vitatu ndo heshima, ukitaka kuacha unaweka kijiko ndani ya kikombe, usipoweka anakuongeza tu. Mimi namfikishia yetu ya maziwa na tangawizi na mahamri ya nazi, tunakaa dirishani mvua inapiga. Kijerumani changu kingi kimetoka kwenye hiyo meza, sio darasani.

Mambo ya kutoka sasa. Tarehe 3 Oktoba ni sikukuu ya muungano wao, na tangu 1997 siku hiyohiyo misikiti inafungua milango kwa kila mtu, wasio Waislamu wanakuja kuuliza maswali, chai na vitumbua vya Kituruki vinatembea. Ukiwa mpya mjini ni njia nyepesi ya kufahamiana. Tarehe 11 Novemba ni siku ya Mtakatifu Martin, askari aliyekata joho lake akampa maskini nusu. Watoto wanatembea jioni na taa za karatasi walizotengeneza shuleni, wanaimba, mbele anaweza kuwepo mtu amepanda farasi, mwisho wanapewa mkate mtamu. Mwanangu tangu yupo chekechea hajakosa hata mara moja na ile taa yake inaning'inia chumbani mpaka Machi.

Halafu siku ya mvua isiyokatika nendeni maktaba ya mji, ile ya mchemraba mkubwa iliyofunguliwa 2011. Ndani ni nyeupe yote, ngazi zinazunguka, kukaa ni bure hata kama huna kadi, joto safi. Kuta zake nne za nje zimeandikwa jina lake kwa lugha nne, Kijerumani, Kiingereza, Kikorea na Kiarabu. Nilisimama nje na mwavuli nikasoma ule wa Kiarabu: maktaba. Neno letu kabisa, ukutani, katikati ya Stuttgart. Nilimpigia mama palepale.

Nikigusia simu, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa inarudishwa nyuma, usiku saa tisa inakua saa nane, na tofauti na nyumbani inakua masaa mawili badala ya moja. Ndo wiki hiyo giza linakushukia mapema na watu wengi wanaanguka moyo. Lakini nimegundua kitu. Mwishoni mwa Novemba jua hapa linazama saa kumi na nusu na dakika chache, na Tanga wakati huohuo inakaribia saa kumi na mbili na nusu. Magharibi zetu zinapishana dakika kama kumi tu, na mwanzo wa Disemba ni karibu sawasawa. Kiangazi cha huku haiwi hivyo, wao wameshalala sisi bado jua linawaka.

Kwa hiyo miezi hiyo nampigia mama muda huo. Adhana inaanza upande wake, mimi huku dirishani naona mwanga unaisha juu ya mapaa, boga lipo jikoni. Ananiambia geuza simu nione sufuria. Juzi kaangalia akasema tui jepesi hilo, ongeza.