Vidonge vya kunenepa na vijana wa hosteli

Ukikaa hosteli za chuo hapa Dar utaona kitu kimoja, sisi wanaume habari za miili yetu tunaziongelea kwa utani tu. Fulani njiti, fulani kibonge, fulani akivaa kaptula ana miguu ya kuku, watu wanacheka na mwenyewe anacheka, halafu hiyo kaptula huioni tena mpaka semesta inaisha.

Kuna jamaa nilikaa naye rumu moja mwaka wa pili. Mrefu, mwembamba, kichwani yuko vizuri kweli, presentesheni zote tunamsukumia yeye. Sasa joto la Dar la Februari unalijua, jamaa anavaa fulana mbili ndani halafu shati la mikono mirefu juu yake ili mabega yajae, jasho linamtiririka mpaka lekchara anamuuliza kama ana homa. Kuoga anaenda saa kumi alfajiri, eti anakwepa foleni, foleni gani wakati huo sijui.

Na kwetu huku mtu mwembamba haachwi apumue. Ukienda nyumbani ma'mdogo anakuuliza mbele ya wageni, mbona umekonda hivyo mwanangu, unaumwa? Ni ama unaumwa, ama huna hela, ama kuna mwanamke anakutesa, haiwezekani ukawa mwembamba tu basi. Ukikimbilia Instagram unakuta mabaunsa wa miraba minne wanauza unga wa protini, na mademu kwenye status wanaandika chini ya futi sita asinisogelee (hao wa futi sita wako wangapi hapa mjini jamani?)

Tukaanza gym ya mtaani, zile za uani, chuma ni bomba tu lina kopo la rangi lililojazwa zege kila upande. Tizi tulipiga, shida ilikuwa msosi. Kitu ambacho watu hawakisemi ni kwamba mwili wa mwanachuo unafuata boom, yani ile hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka ni chipsi kuku na maziwa, likikata mtu anashindia chai na maandazi mpaka jioni ndo apate ugali maharage, na hapo katikati alishaenda kunyanyua zege. Misuli ijengwe na nini? Miezi inapita kifua ni kilekile na mtu anaanza kujiona yeye ndo ana kasoro.

Hapo sasa ndo jamaa yangu akauziwa vidonge, vimefungwa kwenye karatasi, havina boksi wala jina, eti vinaongeza hamu ya kula. Akaanza kujaa kweli, mashavu yakawa hayo, likizo kwao wakafurahi wakasema chuo kimemkubali. Ila akivua shati mikono ni ileile, kilichoongezeka ni uso na tumbo.

Daktari wa zahanati ndo akatufungua macho. Vidonge vya hivyo mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya aleji ambayo inaleta njaa na usingizi (ndo maana alikuwa analala darasani), au deksamethasoni, wenyewe wanaita deksa, ambayo hospitali inatumika kwa magonjwa ya maana kabisa. Deksa ukiila hovyo inajaza uso, inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na kinachoniuma zaidi ni kwamba misuli inaimaliza, yani unameza kitu upate misuli kumbe ndo kinaila.

Na kama wewe unavimeza sasa hivi usije ukasoma hapa ukavitupa chooni leo leo. Deksa ukiitumia muda mrefu mwili unaacha kutengeneza homoni yake yenyewe inayofanana na hiyo dawa, ukikata ghafla unaweza kuzidiwa vibaya, jamaa yangu alipunguziwa dozi kidogo kidogo. Nenda kwa daktari, na hivyo vidonge vilivyobaki mpelekee na karatasi yake hivyohivyo avione.