Maji ya korona yanavyopika maharage yangu Korogwe

Ukiishi jirani na korona, yaani kiwanda cha kukwangua mkonge, huhitaji kuelezwa maji ya mkonge. Mashine inakwangua jani, singa, yaani nyuzi, zinatoka upande mmoja, upande wa pili yanamwagika maji mazito ya kijani, yanayowasha ngozi na kunuka yakilala. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Yaliyobaki yote ni ya kutupa, na mengi yameishia mitoni.

Hale, mkoa huu huu wa Tanga, kampuni ya mkonge ya Katani walikwisha kuonyesha kwamba mabaki hayo yanatoa gesi ya kuendesha jenereta ya kilowati 150. Mimi shida yangu ilikuwa jiko. Nilikuwa na mtambo wa gesi ya samadi, wa kuba, uliochimbiwa ardhini, nikiulisha kinyesi cha ng'ombe wawili. Gesi ilitosha chai, maharage yakarudi kwenye kuni. Nikamwendea msimamizi wa korona kuomba maji. “Chota mwanangu,” akasema, “yanatusumbua tu hapa.”

Kazi yote iko kwenye uchachu. Maji ya mkonge yana asidi na sukari nyingi. Ndani ya mtambo kuna bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi, na hao ni wepesi mno. Kuna na wengine wanaotoa methani, ndiyo gesi inayowaka jikoni, wazito, wasiostahimili uchachu. Ukiyamwaga mengi kwa pamoja, wale wepesi wanawazidi wazito na gesi inakatika. Kwa hiyo nilianza na kopo moja kwa ndoo nzima ya kinyesi, nikangoja moto utulie, ndipo nikaongeza kidogo kidogo. Tope linalotoka nalipima kwa karatasi ya asidi: pH (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu umezidi) ikiwa 7 au zaidi kidogo naendelea, ikishuka chini ya 6.8 nasitisha maji ya mkonge na kulisha kinyesi kitupu. Wapo wanaokimbilia chokaa. Mimi naona ni bora kupunguza chakula, maana hapo ndipo tatizo lilipo.

Lazima uchuje. Vipande vya singa vikiingia huelea, vikashikana na kuwa utando mgumu unaobana gesi. Natumia wavu wa mbu wa dirishani, na glavu mikononi. Maji yenyewe yana povu, hivyo namimina taratibu.

Gesi ikinuka yai viza, hiyo ni gesi yenye salfa, inakula jiko. Kwenye bomba nimeweka kichujio cha nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zilizoshika kutu. Kutu ndiyo inayoinasa.

Sasa maharage yanaiva kwa gesi, na tope linakwenda kwenye migomba. Jirani yangu Mama Zaina, asiye na ng'ombe, aliniuliza kama maji ya mkonge peke yake yangemtosha. Nikamwambia, “Dada, kwa mitambo midogo kama hii usithubutu, kinyesi ndicho kinacholeta bakteria na kupoza uchachu.” Ameshamwita fundi, na kinyesi cha kuanzia atachota bandani kwangu.