Mapenzi ya mahasimu katika riwaya za fantasia za vijana

Nazipenda sana riwaya za fantasia zinazomkutanisha msichana na kijana kutoka mataifa mawili yanayopigana, lakini kabla ya kuyaamini mapenzi yao huwa najiuliza ni nani kati yao anayelazimika kubadilika. Katika nyingi mno, upande mmoja una ustaarabu na mwingine una ukatili tu, na binti wa wale wanaoitwa washenzi huuthibitisha upendo wake kwa kuziacha mila zote za waliomlea. Kwangu mimi huo ni utekaji, hata ukihitimishwa kwa harusi.

Msuko wenyewe ni wa kale. Ovid, mshairi wa Roma ya karne ya kwanza, aliwaweka Pyramus na Thisbe huko Babeli katika nyumba mbili zilizotenganishwa na ukuta, wakinong'onezana kupitia ufa. Hata hivyo, hatuambiwi kwamba familia hizo zilitofautiana kwa lolote. Wazazi wamekataa, basi. Riwaya za leo zinatudai zaidi ya hapo. Malorie Blackman, katika Noughts & Crosses ya mwaka 2001, alibuni nchi ambayo weusi wanatawala na weupe wanadharauliwa. Shuleni, msichana mweupe amebandika plasta ya kahawia iliyokoza inayoonekana waziwazi kwenye ngozi yake, kwa sababu plasta za rangi yake haziuzwi. Sephy, binti wa tabaka tawala, hajawahi kuliwazia jambo hilo, ilhali Callum, anayempenda, amezaliwa na kukulia upande wa wanaozibandika plasta hizo. Kipande hicho kidogo kinanieleza umbali uliopo kati yao kuliko vita vyovyote.

Safari wanayofunga mahasimu hao pamoja katika riwaya hizi nayo ina kazi yake, maana huwapokonya wahusika majeshi, watumishi na vyeo vyao. Mwana wa mfalme akimwomba adui yake amfundishe kutafuta maji jangwani, na adui huyo akasita kwa kuwa visima hivyo ni siri ya ukoo wake, hapo mapenzi yana gharama, na kila mmoja anailipa kwa namna yake.

Ndiyo maana nawasihi watunzi wasikimbilie kupatanisha falme katika sura ya mwisho. Ningependa kuwasoma wapenzi hao wakiwa tayari wanaishi pamoja, bado wakibishana mtoto wao apewe jina kwa desturi ya nani.